Maswali ya Wasomaji: Wimbo Upi Umetamba Kuliko Nyimbo Zote?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Kanda ya Ziwa watuandikie kuhusu muziki wa miongo ya karibuni. Barua nyingi zilizofika zinauliza jambo moja kwa njia tofauti, yaani namna ya kupanga nyimbo kwa mafanikio yake, kwa hiyo safu yote ya leo nimeitoa kwa swali hilo.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Hapa Kirumba tuna saluni ya kiume ambayo ikifika jioni hugeuka kuwa baraza. Wiki nzima tumebishana kuhusu wimbo uliofanikiwa kuliko zote duniani. Mmoja wetu amesoma kwamba ni "Blinding Lights" wa The Weeknd. Mwingine anashikilia kwamba hakuna aliyemfikia Elton John kwa wimbo alioimba kwenye mazishi ya Binti Mfalme Diana. Wa tatu anasema ni "Despacito", na ushahidi wake ni simu yake. Tuamini orodha ipi? *Msomaji, Kirumba, Mwanza.*

JIBU: Ndugu yangu, wote watatu wana hoja ya kweli, na ndiyo sababu ubishi wenu hauishi. Kila mmoja ameshika kipimo chake na kudhani kwamba wenzake wanapima kwa hicho hicho.

Tuanze na aliyetaja "Blinding Lights". Anategemea hesabu ya jarida la Billboard la Marekani, ambalo tangu Agosti 1958 limekuwa likitoa kila wiki chati ya nyimbo 100 iitwayo Hot 100. Ili kupata orodha ya nyakati zote, jarida hilo huupa kila wimbo pointi kwa kila wiki uliyokaa kwenye chati. Wiki ya nafasi ya kwanza hubeba pointi nyingi kuliko zote, na wiki za nafasi za mkiani hubeba chache kabisa. Kisha hurekebisha hesabu kulingana na zama, kwa sababu zipo zama ambazo nyimbo zilipishana haraka na nyingine ambazo ziling'ang'ania chati kwa miezi mingi. Kwa utaratibu huo, wimbo "The Twist" wa Chubby Checker, ulioshika nafasi ya kwanza mwaka 1960 na kuirudia Januari 1962, uliongoza orodha hiyo kwa miaka mingi, hadi Novemba 2021 ulipopitwa na "Blinding Lights". Angalieni jambo moja hapo. Wimbo huo wa The Weeknd, kijana wa Kanada ambaye wazazi wake walitoka Ethiopia, ulikaa nafasi ya kwanza kwa wiki nne tu. Kilichoubeba ni kudumu: wiki 57 ndani ya kumi bora na wiki 90 kwenye chati yote. Kwa hiyo anayeutaja anasifu ustahimilivu, hata kama hajui kwamba ndicho anachokisifu.

Wa pili anahesabu nakala zilizonunuliwa. "Candle in the Wind 1997", ndio wimbo huo wa Elton John, iliuzwa nakala zipatazo milioni 33 duniani, na nchini Uingereza pekee karibu milioni 4.9, kiwango ambacho hakuna santuri nyingine ya wimbo mmoja iliyokifikia katika nchi hiyo. Kila nakala katika hizo ilimtaka mtu atoke nyumbani, aende dukani na alipe fedha, tena fedha zilizokusudiwa kwenda kwenye mfuko wa hisani. Hayo ni mafanikio makubwa mno, lakini yalijengwa na msiba ulioishika dunia kwa wiki chache. Mimi huyaita mafanikio ya tukio. Wimbo wa tukio huweza kuuzwa kuliko nyimbo zote na bado usiwe ule ambao watu huurudia nyumbani miaka 20 baadaye.

Wa tatu anahesabu watazamaji. "Despacito" ya Luis Fonsi na Daddy Yankee, ya mwaka 2017, ilikuwa video iliyotazamwa zaidi YouTube kuanzia Agosti mwaka huo hadi Novemba 2020. Tena, baada ya Justin Bieber kuongeza sauti yake, ilikaa wiki 16 juu ya chati ya Marekani na kuifikia rekodi iliyowekwa na Mariah Carey na Boyz II Men mwaka 1995 na 1996. Miaka miwili baadaye "Old Town Road" ya Lil Nas X ikafika wiki 19, ikisaidiwa na matoleo kadhaa ya wimbo huo huo ambayo yote yalihesabiwa kuwa wimbo mmoja.

Ninyi wa Kirumba mna mwalo mkubwa wa samaki hapo jirani, kwa hiyo mtanielewa haraka: hakuna mfanyabiashara anayelinganisha sangara na dagaa kwa kuhesabu vichwa. Kuusikiliza wimbo mara moja kwenye simu na kununua nakala yake dukani ni vitu viwili tofauti, na wenye viwanda vya muziki wanalijua hilo. Chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, kinachotoa tuzo za dhahabu na platinamu, huhesabu usikilizaji 150 wa mtandaoni kuwa sawa na nakala moja iliyonunuliwa. Kiwango hicho kimewekwa na watu mezani. Wangeamua kiwe 100 au 300, wapo wasanii ambao wangepanda na wengine wangeshuka bila mtu yeyote kubadilisha alichokisikiliza.

Lipo jambo zito zaidi ambalo orodha nyingi hazilisemi, nalo ni kwamba chati zenyewe zimebadilishiwa kanuni mara nyingi njiani. Hadi mwaka 1991 Billboard ilitegemea taarifa za wenye maduka na watangazaji wa redio, waliokuwa wakitaja wenyewe kile wanachoona kinauzwa au kinapigwa. Kuanzia mwishoni mwa Novemba 1991 mauzo yakaanza kusomwa na mashine kwenye kaunta, na redio zikaanza kusikilizwa na mitambo. Matokeo yalionekana mara moja. Katika miaka yote 33 ya kabla ya hapo hakuna wimbo uliokaa juu ya Hot 100 zaidi ya wiki 10, lakini ilipofika mwishoni mwa mwaka 1992 "I Will Always Love You" wa Whitney Houston ulianza safari ya wiki 14 kileleni. Sina shaka hata kidogo na ukuu wa sauti ya Whitney. Ninachosema ni kwamba nyimbo za miaka ya 1970 hazikupewa rula ile ile, na anayeziweka zote kwenye orodha moja kwa kuhesabu wiki tu anawapunja wazee wetu.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa "Don't Speak", wimbo wa kundi la No Doubt. Mwishoni mwa mwaka 1996 na mwanzoni mwa 1997 wimbo huo uliongoza kwa wiki 16 chati ya nyimbo zilizopigwa zaidi redioni nchini Marekani, lakini kwenye Hot 100 haukuonekana hata kwa wiki moja. Sababu ni kwamba kampuni haikuutoa kama santuri ya wimbo mmoja, ikitaka watu wanunue albamu nzima, na kanuni ya wakati huo iliitambua tu nyimbo iliyouzwa peke yake. Kanuni hiyo iliondolewa Desemba 1998, wakati "Don't Speak" ilikwisha kupita. Mtu anayesoma orodha za Hot 100 leo bila kuijua habari hiyo atadhani wimbo huo haukuwahi kuvuma, ilhali kila aliyekuwa na redio miaka ile anaukumbuka.

Kanuni zimeendelea kubadilika hadi zama za simu. Februari 2013 Billboard ilipoanza kuhesabu video za YouTube, "Harlem Shake" iliingia moja kwa moja nafasi ya kwanza wiki ile ile. Uingereza nayo iliingiza usikilizaji wa mtandaoni mwaka 2014, na Machi 2017, Ed Sheeran alipotoa albamu, nyimbo zake 16 zilijazana kwenye 20 bora kwa wakati mmoja. Wasimamizi wa chati walilazimika kuweka kanuni kwamba msanii asiwe na nyimbo zaidi ya tatu kwa mpigo.

Basi jibu langu kwa baraza lenu ni hili: kabla ya kubishana, kubalianeni mnauliza nini. Mkiuliza wimbo ulionunuliwa zaidi katika miongo hii, mshindi ni Elton John. Mkiuliza uliodumu zaidi kwenye masikio ya Wamarekani kwa hesabu ya Billboard ya mwaka 2021, ni "Blinding Lights". Mkinilazimisha nichague kipimo kimoja, nitachagua kudumu, kwa sababu kununua mara moja kunaweza kusukumwa na huzuni au matangazo, lakini hakuna tangazo linaloweza kumfanya mtu aurudie wimbo kwa mwaka mzima.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Baba husema nyimbo za ujana wake zilikuwa kubwa kuliko za sasa, lakini nikitazama YouTube naona za sasa zina mabilioni na zake hazifiki hata robo. Je, si kweli kwamba za sasa zinapendwa zaidi? *Msomaji, Nansio, Ukerewe.*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mtetee baba yako kidogo. YouTube ilianzishwa mwaka 2005, na video ya kwanza kufikisha mara bilioni moja ilikuwa "Gangnam Style" ya PSY kutoka Korea Kusini, Desemba 21, 2012. Wimbo uliovuma mwaka 1985 ulipata wapenzi wake kwenye santuri, kanda na redio, na hakuna mashine iliyokuwa ikiandika kila mara ulipochezwa. Unachokiona leo kwenye simu ni wale tu waliourudia baadaye, na hao ni sehemu ndogo ya waliousikia.

Zaidi ya hapo, watu wenyewe wameongezeka. Sensa ya mwaka 2002 iliikuta Tanzania na watu milioni 34.4, na ya mwaka 2022 ikawakuta milioni 61.7. Wimbo uliopendwa na nusu ya nchi mwaka 2002 una mashabiki wachache kuliko uliopendwa na theluthi moja tu ya nchi mwaka 2022. Ukitaka kuwa mwadilifu, uliza ni sehemu gani ya watu wa wakati ule waliupenda, usiishie kwenye idadi yao.

Kumbuka pia kwamba mashine huhesabu michezo, haihesabu watu. Video ya kwanza kufikisha mara bilioni 10, Januari 2022, ni "Baby Shark", wimbo wa watoto wadogo. Mama anaiweka ili mtoto ale uji, ikiisha mtoto analia, inawekwa tena, na kabla ya saa nne asubuhi mtoto mmoja ameshaandikwa kama watazamaji wanane. Simnyimi mtoto huyo furaha yake, ila hesabu yake haiwezi kumshinda mtu mzima aliyenunua kanda moja na kuisikiliza mpaka utepe ukachakaa.

Ukitaka wimbo wa zamani utakaomfurahisha baba na kukufundisha wewe, chukua "Bohemian Rhapsody" wa kundi la Queen, ambalo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Ulishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1975, ukairudia mwaka 1991 baada ya kifo chake, na mwaka 2018, filamu ya maisha ya kundi hilo ilipotoka, ukatangazwa kuwa wimbo wa karne ya 20 uliosikilizwa zaidi mtandaoni. Umeshinda kwa vipimo vya zama mbili ambazo hazifanani kabisa, na mimi nauheshimu ushindi wa namna hiyo kuliko bilioni yoyote iliyokusanywa kwa miezi michache.

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa nini wimbo wa Krismasi wa Mariah Carey hurudi juu kila Desemba, na je, una haki ya kuwekwa kwenye orodha hizi? *Msomaji, Musoma.*

JIBU: Wimbo "All I Want for Christmas Is You" ulitoka mwaka 1994, lakini ulifika nafasi ya kwanza Marekani kwa mara ya kwanza Desemba 2019, yaani miaka 25 baadaye. Zamani aliyenunua santuri hakuinunua tena mwaka uliofuata, kwa hiyo chati haikumwona. Sasa kila anapousikiliza anahesabiwa upya. Haki unayo, kwa maoni yangu, kwa sababu watu wanauchagua wenyewe kila mwaka, ila ni vizuri nyimbo za sikukuu zipangwe peke yake.

SWALI: Mhariri, hongera kwa kazi. Mimi ni mama wa makamo, mpenzi wa muziki tangu enzi za Redio Tanzania. Orodha zote hizi za dunia sioni nyimbo zetu. Saida Karoli alipovuma, Bukoba nzima, Mwanza na hata Kampala zilimwimba. Je, hayo si mafanikio? *Msomaji, Bukoba.*

JIBU: Dada yangu, ni mafanikio makubwa, na nimeisoma barua yako mara mbili kwa sababu imegusa kasoro kuu ya orodha hizo zote. Hot 100 hupima Marekani peke yake. Chati ya Uingereza hupima Uingereza. Hata Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni ambayo takwimu zake hutajwa kana kwamba ni za ulimwengu mzima, ilifunguliwa Tanzania Februari 2021. Maana yake ni kwamba mwaka mzima wa 2020, "Blinding Lights" ilipokuwa ikikusanya sehemu kubwa ya sifa zake, msikilizaji wa Mwanza au Bukoba hakuwemo kwenye hesabu hiyo kwa njia ya kawaida.

Saida Karoli, mzaliwa wa Kagera, alitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 na "Maria Salome", wimbo ambao wengi wanaukumbuka kwa maneno ya "chambua kama karanga". Aliimba Kihaya, na bado watu wasiojua Kihaya waliuimba neno kwa neno. Ulisambaa kwa kanda, na kanda nyingi zilirudufiwa majumbani na vibandani, kila moja ikizaa nyingine, bila stika wala stakabadhi. Sheria ya Hakimiliki iliyoianzisha COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki nchini, ilikuwa ya mwaka 1999, changa kabisa. Nani angeziandika nakala hizo? Hata hivyo ushahidi haukupotea. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia kwa jina la "Salome", na kizazi ambacho kilikuwa hakijazaliwa au kilikuwa mgongoni kwa mama zao kikaupokea kama mpya. Wimbo wa Kihaya ukapita kutoka kwenye kanda hadi kwenye simu, na kwangu mimi hiyo ni alama ile ile niliyoisifu kwa "Bohemian Rhapsody".

Na mpaka leo usikilizaji wetu mwingi haumo kwenye mizani ya mtu. Simama kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo karibu na soko la Mlango Mmoja. Kijana amekaa mbele ya kompyuta yenye vumbi, dereva wa daladala anamkabidhi flashi na kusema, "Niwekee mchanganyiko, za zamani na za sasa." Nyimbo mia kadhaa zinahamia kwenye flashi kwa dakika chache, kisha zinapigwa kutwa nzima kati ya Igoma na mjini, abiria wanashuka na kupanda, na wengine wanaimba. Hakuna hata mchezo mmoja wa siku hiyo unaofika kwenye chati yoyote.

Hata redio si kipimo kamili. Mwaka 2018 wimbo wa Rayvanny na Diamond uliobeba jina la jiji letu la Mwanza ulifungiwa na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kwa sababu ya maudhui yake. Sijadili hapa uamuzi huo. Ninaonyesha tu kwamba anayepima kwa redio angeuandikia sifuri, wakati mtaani kila mtu alikuwa anaujua.

Mambo yanabadilika polepole. "Calm Down" ya Mnigeria Rema, katika toleo aliloimba na Selena Gomez, ilifika nafasi ya tatu kwenye Hot 100 mwaka 2023, na mwaka huo huo ikawa wimbo wa kwanza unaoongozwa na msanii wa Afrika kusikilizwa mara bilioni moja kwenye Spotify. Nafurahi, lakini sitaki tuanze kuamini kwamba wimbo wetu huwa mkubwa siku ile tu unapothibitishwa na mizani ya mbali.

SWALI: Mhariri, sisi ni kikundi cha vijana tunaopiga muziki kwenye sherehe. Tunataka kupanga nyimbo 50 zilizotamba zaidi Kanda ya Ziwa katika miaka 30 iliyopita. Tuanzie wapi? *Wasomaji, Igoma, Mwanza.*

JIBU: Vijana wangu, kazi hii inahitajika, na haihitaji fedha nyingi. Kwanza andikeni kanuni zenu kabla ya kutaja wimbo hata mmoja, maana mkitaja nyimbo kwanza, kila mtu atatafuta kanuni ya kumbeba ampendaye.

Gaweni miaka hiyo 30 katika vipindi vya miaka mitano. Kwa kila kipindi tafuteni watu waliokuwa vijana wakati huo, kila mmoja awape nyimbo 10 kwa mpangilio, na wa kwanza apate pointi 10, wa pili tisa, hadi wa kumi apate moja. Waulizeni watu wa kazi na mahali tofauti: wapiga muziki wa harusi, makondakta, wauza kanda wa zamani, watangazaji wa Radio Free Africa na redio nyingine za hapa, wavuvi wa visiwani, na wanawake kwa wanaume kwa idadi sawa. Mkikusanya majina ya marafiki zenu wa Igoma pekee, mtapata orodha ya Igoma.

Kisha amueni uzito wa kudumu. Tuseme wimbo wa kwanza ulishika nafasi ya kwanza katika kipindi kimoja na kupata pointi 300, halafu vipindi vilivyofuata hakuna aliyeutaja. Wimbo wa pili haukuwahi kupita nafasi ya nne, lakini ulipata pointi 120 katika kila kipindi kwa vipindi vitatu. Mkijumlisha tu, wa pili una 360 na unaongoza. Mkiamua kwamba nafasi ya kwanza izidishwe mara mbili, wa kwanza unafika 600 na unaongoza kwa mbali. Njia zote mbili ni halali, ilimradi mmechagua mapema na mmeieleza wazi juu ya orodha yenu.

Nyimbo za injili, za kwaya, za asili na za Kikongo msiziache nje kwa sababu hazikupigwa disko. Na matoleo mawili ya wimbo mmoja, kama "Maria Salome" na "Salome", yaandikeni mbali mbali, kila msanii apate pointi zake, lakini pembeni muandike kwamba moja limetoka kwa jingine. Orodha ikikamilika itumeni hapa pamoja na karatasi za pointi, nasi tutazichapisha zote.